SOMO LA MWEZI: BOYA NA CHUBWI KATIKA MSHIPI WA CHAMA

Madhumuni ya somo

Somo hili ni la makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika vya wavuvi wa Chuno, Mikindani, Msangamkuu, Msimbati na pwani yote iendayo hadi mlango wa Mto Ruvuma. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi, na pawepo mshipi, dumu, jiwe na mizani mbele ya wasomaji. Mwisho wa somo kila mwanachama aweze:

(a) kujua uzito wa chubwi likiwa majini;
(b) kulinganisha boya, chubwi na urefu wa kamba;
(c) kueleza kwa nini mambo hayo yanahusu daftari la mikopo la chama.

Mshipi uliopotea usiku mmoja

Chukua mfano huu. Mvuvi atokaye Chuno amekopeshwa na chama chake mshipi mrefu wa ndoana nyingi, yaani dhulumati, wenye thamani ya shilingi 180,000. Atalipa shilingi 15,000 kila mwezi kwa miezi 12. Katika mwezi wa nne, kabla hajalipa rejesho la mwezi huo, anautega jioni mahali penye kina cha mita 20, maji yakiwa yamekupwa. Kila ncha ya mshipi ameifunga jiwe la kilo 5 na dumu tupu la lita 5 kuwa boya. Kamba ya boya ina urefu wa mita 21. Alfajiri anarudi, haoni boya wala mshipi.

Wenziwe watasema umeibwa. Huenda ni kweli, lakini kabla ya kumtafuta mwizi hapana budi kuifanya hesabu ya boya na chubwi. Hesabu hiyo itaonyesha kwamba mshipi ule ungeweza kwenda zake bila kuguswa na mtu. Ama deni halikwenda popote. Mwanachama amelipa shilingi 45,000 na bado anadaiwa shilingi 135,000, wala hana tena chombo cha kumpatia fedha hizo. Wanachama kumi wakipatwa na jambo hilo, chama kina shilingi 1,350,000 zilizoandikwa kitabuni lakini hazimo sandukuni.

Uzito wa nchi kavu na uzito wa majini

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Archimedes, mtaalamu wa Kiyunani wa mji wa Sirakuza, alieleza kwamba kitu kilichotiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kiliyoyahamisha. Kanuni hiyo moja ndiyo inayoliendesha boya na chubwi pia.

Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1 na gramu 25 hivi. Kwa hiyo dumu la lita 5 lililozibwa vema na kuzamishwa lote hunyanyua karibu kilo 5, baada ya kutoa uzito wake lenyewe. Dumu la lita 3 hunyanyua karibu kilo 3.

Chubwi nalo husukumwa juu vivyo hivyo, na kitu chepesi kwa umbo lake hupoteza zaidi. Kitu chenye kilo 1 katika mizani ya nchi kavu, kikitiwa baharini hubaki na uzito kama ifuatavyo:

Risasi: gramu 910
Chuma: gramu 870
Jiwe gumu: gramu 600
Zege: gramu 560

Jiwe la tumbawe lina matundu mengi, na hupoteza zaidi ya jiwe gumu. Aidha, kulivunja tumbawe ili kupata chubwi ni kubomoa nyumba ya samaki wale wale wanaotafutwa. Pwani ya Mtwara inayajua madhara ya baruti. Haifai aliyeachana na baruti ayavunje matumbawe kwa nyundo.

Mwanachama asiye na hakika na kitu alicho nacho hahitaji kukisia. Mizani ya kuning'iniza inayopimia samaki yatosha. Chubwi lifungwe kamba, lining'inizwe katika mizani, kisha lishushwe ndani ya pipa la maji ya bahari mpaka lizame lote bila kugusa chini. Namba itakayosomwa hapo ndiyo uzito wa kazi.

Sasa turudi kwenye mfano. Jiwe la kilo 5 majini lina kilo 3 tu, na dumu la lita 5 likizama lote lina nguvu ya kunyanyua karibu kilo 5. Katika bamvua maji ya pwani hii hupanda mita 3 na zaidi. Kina kilichokuwa mita 20 kimekuwa mita 23 au zaidi, na kamba ni mita 21. Boya likavutwa chini ya maji, likalinyanyua jiwe kutoka mchangani, na mkondo ukauchukua mshipi wote. Mvuvi alidhani kilo 5 za jiwe na lita 5 za dumu zimelingana. Zililingana sokoni, lakini baharini dumu lilishinda.

Bahari ya Mtwara na mkondo wake

Hesabu hii ina uzito wa pekee katika pwani hii. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi utokao mashariki huifikia Afrika karibu na Rasi ya Delgado, kusini kidogo ya Ruvuma, na hapo hugawanyika: tawi moja huelekea kusini, na jingine huelekea kaskazini kupitia Mtwara na Lindi. Wakati wa kusi tawi hilo la kaskazini hupata nguvu zaidi. Tena, ukanda wa maji ya kina kidogo ni mwembamba katika sehemu hii ya pwani. Mshipi ukisogea kidogo tu kuelekea nje waweza kuangukia kilindini, kamba ya boya isifike juu kabisa.

Kanuni tatu za kulinganisha

Kwanza, uzito wa chubwi majini uwe angalau mara moja na nusu ya nguvu ya boya. Wakati wa bamvua na wa kusi uwe mara mbili. Dumu la lita 3 hunyanyua karibu kilo 3. Jiwe gumu la kilo 10 majini lina kilo 6. Huo ni ulinganifu mzuri. Ieleweke kwamba boya kubwa kupita kiasi halileti usalama. Mara nyingi mwenye dumu la lita 5 na jiwe dogo hahitaji kununua kitu. Abadili dumu tu na kutafuta jiwe kubwa zaidi.

Pili, kamba ya boya ipimwe kwa kina cha maji kujaa, si kwa kina cha wakati wa kutega. Palipo na mita 20 maji yakiwa yamekupwa, kamba isipungue mita 30. Ziada hiyo huliwezesha boya kulala upande mkondo unapokwenda bila kuvutwa chini. Ikiwa kamba ni ya aina inayoelea, lifungwe chubwi dogo mita 4 au 5 chini ya boya, ili kamba iliyolegea isielee juu na kukatwa na panga za mashine za boti.

Tatu, boya laini lisitumike mahali litakapozama. Kila mita 10 za maji huongeza kani iliyo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu yetu. Chupa laini ikivutwa hadi mita 10, hewa yake hubanwa mpaka kubaki nusu, na nguvu yake nayo hubaki nusu. Ikifika mita 20 hubaki theluthi. Ndiyo maana boya lililokwisha kuvutwa chini na mkondo huendelea kuzama badala ya kurudi juu. Maboya madogo ya kuinua ndoana kutoka chini yawe ya plastiki ngumu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vipande vya ndala kuukuu vyafaa maji mafupi, navyo pia vijaribiwe kwanza.

Namna ya kufunga

Dumu lioshwe, likaushwe, kisha kifuniko kikazwe juu ya kipande cha mpira wa gurudumu ili maji yasipenye. Lizamishwe kwa mikono ndani ya pipa. Likitoa mapovu halifai. Kamba ipitishwe katika mkono wa dumu na kuzungushwa shingoni pia, kwa sababu mkono peke yake hukatika jua likisha kuudhoofisha.

Nailoni ya uzi mmoja huteleza. Fundo la kawaida lililofungwa mara moja husogea, na maboya yote hukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo kila boya dogo lizungushwe mara mbili, likazwe, kisha pande zote mbili zifungwe kwa uzi mwembamba wa kuzuia. Fundo lililoloweshwa kabla ya kukazwa hushika zaidi kuliko lililokazwa kavu.

Katika mshipi wa mkono, chubwi lifungwe mwisho kabisa, chini ya ndoana, kwa uzi ulio dhaifu kuliko mshipi wenyewe. Chubwi likinasa mwambani, uzi huo hukatika na mvuvi hupoteza chubwi peke yake, badala ya kupoteza ndoana, samaki na mshipi.

Tahadhari ya risasi

Risasi ni chubwi bora, lakini ni sumu. Mvuke na vumbi lake huingia mwilini polepole, na kwa mtoto hudhuru akili na ukuaji. Risasi ya betri za magari isiyeyushwe jikoni, wala katika sufuria ya chakula, wala karibu na watoto. Wenye mazoea ya kubana machubwi madogo kwa meno waache. Chama chaweza kununua machubwi yaliyokwisha kutengenezwa na kuyagawa kwa bei ya jumla, au kutumia vipande vya chuma, ambavyo kama orodha ilivyoonyesha vinapungukiwa kidogo tu na risasi.

Alama na daftari

Boya lisilo na alama halina mwenyewe. Mwaka 2018 Kamati ya Uvuvi ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ilipitisha mwongozo wa hiari wa kuweka alama zana za uvuvi, kwa sababu zana zilizopotea huendelea kuua samaki na kasa bila faida kwa mtu yeyote. Chama hakihitaji mtambo kwa kazi hiyo. Namba ya chama na namba ya mwanachama ziandikwe juu ya dumu kwa chuma cha moto, ndani ya tabaka la juu tu, bila kulitoboa. Rangi hubanduka. Usiku kiwekwe kitambaa kinachong'aa.

Katibu naye ana wajibu wake. Kabla ya kukabidhi mshipi wa mkopo aandike katika daftari la zana: namba ya boya, ukubwa wa boya, aina ya chubwi na uzito wake majini, urefu wa kamba, tarehe, na sahihi ya mwanachama na ya mjumbe mmoja wa kamati aliyeshuhudia upimaji. Mshipi ukipotea, mwanachama atoe taarifa kwa chama na kwa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari (BMU) mara moja. Wanaotega ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, waulize kwanza ofisi ya hifadhi ni zana zipi na maeneo yapi yanayoruhusiwa.

Daftari hilo hulinda pande zote mbili. Mwanachama aliyefunga sawasawa na bado akapoteza mshipi kwa dhoruba ana ushahidi mbele ya kamati anapoomba kuongezewa muda wa kulipa. Aliyefunga jiwe la kilo 5 kwa dumu la lita 5 baada ya kufundishwa, hana. Pasipo maandishi wote wawili huhukumiwa kwa maneno ya barazani, na mara nyingi mwenye sauti ndogo ndiye anayeumia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Upimaji wa mshipi mmoja hautachukua hata saa moja, wala hauhitaji fedha. Mkopo wa mshipi uliopotea huchukua miezi kulipwa, na miezi hiyo mwanachama mwingine hungojea zamu yake bure.

Maswali ya kujadiliana

1. Jiwe gumu la kilo 8 litakuwa na uzito gani majini? Je, lafaa kwa dumu la lita 5? Kwa dumu la lita 3?
2. Mahali pa kina cha mita 12 maji yakiwa yamekupwa, kamba ya boya iwe na urefu gani wakati wa bamvua? Elezeni sababu.
3. Kwa nini chupa laini iliyovutwa mita 10 chini hairudi juu kwa urahisi?
4. Je, chama chenu kina daftari la zana? Kama hakina, nani ataliandika na kuanzia lini?
5. Mwanachama amepoteza mshipi wa mkopo. Kamati iulize maswali gani kabla ya kuamua juu ya deni lake?

Kazi ya kufanya

Kabla ya bamvua lijalo, kila kikundi kipime majini machubwi ya mishipi yote iliyokopeshwa, na katibu aandike matokeo. Mishipi itakayoonekana ina upungufu irekebishwe kabla ya kurudi baharini, na orodha yake isomwe katika mkutano wa wanachama.