Albumini ya mama imeshuka: je, ni njaa?

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 67. Alilazwa siku 9 kwa nimonia. Kabla ya kuruhusiwa alipimwa damu, na karatasi ikaonyesha albumini 26, wakati kawaida imeandikwa 35 hadi 50. Tukaambiwa hana protini mwilini, tumnunulie unga wa protini. Tumeshanunua makopo mawili, na bei yake inatuumiza. Jirani anasema sikumlisha mama. Kipimo hiki kinasema kweli? Kabla ya kuugua alikuwa na kilo 64, sasa ana 58. – Msomaji, Morogoro

JIBU: Nianze na maneno ya jirani: karatasi hiyo haithibitishi kwamba hukumlisha mama yako. Usiyabebe.

Albumini ni protini inayotengenezwa na ini na kuingia kwenye damu. Kwa miaka mingi sisi madaktari tuliisoma kana kwamba inapima sahani ya mgonjwa: ikishuka, basi hapati chakula cha kutosha. Tulikosea. Mwaka 2021 ASPEN, chama cha Marekani cha wataalamu wa lishe ya wagonjwa, kilichapisha tamko kwamba albumini isitumike kupima hali ya lishe.

Nimonia inapoingia, ini hubadili kazi. Hupunguza kutengeneza albumini na kuzidisha protini za kupambana na maradhi. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu hulegea, na albumini huvuja kwenda kwenye nyama za mwili. Ongeza dripu, inayoizimua damu, na namba inashuka zaidi. Haya yote yanaweza kumpata mtu aliyekula vizuri hadi jana yake. Kwa hiyo 26 ya mama yako inaeleza zaidi jinsi alivyougua kuliko alivyokula. Si namba ya kupuuza: mgonjwa mwenye albumini ya chini huchelewa kupona na anahitaji uangalizi wa karibu.

Upande wa pili unanitisha zaidi. Mtu anaweza kukonda kwa kukosa chakula, mifupa ikaonekana, na albumini yake ikabaki ya kawaida kwa muda mrefu kwa kuwa hana ugonjwa mwingine. Anayeitegemea karatasi atamrudisha nyumbani na njaa yake. Kuna kipimo kingine, prealbumini, kinachosifiwa kwa kuwa hubadilika ndani ya siku chache. Nacho hushuka kwa maradhi vilevile.

Hata kwa watoto hatusubiri maabara. Kwashakoo tunaitambua kwa kubonyeza nyayo zote mbili na kuona kama shimo linabaki. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 tunamzungushia utepe mkononi, na ukisoma chini ya sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali.

Sasa rudi kwenye kilo ulizoandika. Mama amepungua kilo 6 kati ya 64, zaidi ya asilimia 9. Mtu mzima akipoteza zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi 6 bila kukusudia, tunashuku utapiamlo. Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Tazama kama gauni linampwaya, kama mapaja yamekonda, kama anainuka kitini bila kushikwa, na kama anamaliza chakula chake.

Kuhusu unga, kama anaweza kutafuna na kumeza, mayai, dagaa, maharage, maziwa na karanga vitafanya kazi hiyo kwa fedha kidogo. Mpe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Lakini kabla ya kumzidishia protini, figo zake zipimwe, maana figo dhaifu hazitaki protini nyingi.

Usitegemee namba ipande wiki ijayo. Nusu ya albumini iliyomo kwenye damu huchukua takriban siku 20 kuondoka, kwa hiyo mabadiliko huenda polepole. Nimonia ikishapona kabisa na albumini ikabaki chini, omba mkojo upimwe protini na ini lichunguzwe. Miguu ikivimba au mkojo ukitoa povu, usisubiri, mpeleke mapema.

Mpime uzito kila Jumatatu asubuhi kabla ya chai, kwa mizani ileile, uandike kwenye daftari. Siku ya kliniki, mwonyeshe daktari daftari hilo kabla ya karatasi ya maabara.