Kasha la Hati Katika Nyumba

Mwezi huu somo letu lahusu jambo ambalo watu wengi huliona si kitu mpaka siku ya kulihitaji, nalo ni utunzaji wa karatasi za nyumbani. Twawaandikia hasa baba na mama wenye watoto na kazi nyingi, wale wa Isevya na mitaa mingine ya Tabora ambao hutoka alfajiri na kurudi jioni wamechoka. Katika nyumba nyingi cheti cha mtoto kimo ndani ya kitabu cha nyimbo, stakabadhi ya ada i chini ya godoro, mkataba wa kiwanja umefungwa katika kanga ya bibi, na kadi ya kliniki haijulikani ilipo. Kila kimoja kimehifadhiwa, lakini nyumba nzima haina mtu awezaye kukitoa kwa saa moja.

Nchi yetu ina mfano mzuri wa jambo hili, wala hauko mbali. Kwihara, kijiji kilicho karibu na mji wa Tabora, palikuwa kituo kikubwa cha misafara ya zamani. Mfuko wa barua za Dr. Livingstone uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870 ulilala Bagamoyo siku nyingi, ukalala tena Kwihara, kwa sababu waliokabidhiwa hawakuwa na haraka. Stanley akaukuta hapo, akauchukua, nao ukamfikia mwenyewe Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Mwaka mzima, na barua hazikupotea hata kidogo! Zilikosa tu mtu wa kuzishughulikia.

Lakini tazameni walivyofanya Susi na Chuma. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, mwezi wa Mei 1873, walikusanya wenzao wote, wakafungua masanduku moja moja mbele ya macho ya watu, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika, akaandika orodha ya vitu vilivyomo. Ndipo wakaanza safari ya kuichukua maiti pamoja na daftari zake hadi pwani. Mwezi wa Oktoba walifika Kwihara, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Njiani palikuwa na maradhi na vita. Huko Kwihara, Mwingereza Cameron alitwaa baadhi ya vyombo vya kupimia. Hata hivyo daftari zilifika salama, na mwaka ule ule wa 1874 zikachapwa kuwa kitabu. Watu waliochoka kupita mzazi ye yote wa Isevya waliona kwamba kuandika orodha si kupoteza wakati.

Basi tuanze na cheti cha kuzaliwa, kwa maana karatasi nyingine nyingi huzaliwa nacho. Mtoto akizaliwa hospitalini, mama hupewa tangazo la kizazi. Wengi hudhani ndicho cheti chenyewe, wakakiweka na kustarehe. Sivyo. Tangazo lile ni la kumwezesha mzazi kwenda kusajili, na yafaa afanye hivyo ndani ya siku 90. Tangu mwaka 2013, kwa kuanzia Mbeya, RITA ilianza kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano katika ofisi za kata na vituo vya tiba, bila malipo, na mpango huo ukaenea katika mikoa mingi. Mzazi anayengoja mpaka mtoto amalize shule atapata cheti, lakini kwa taabu: ataulizwa ushahidi, naye atatafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na cheti cha shule ya msingi. Cheti cha ubatizo ni ushahidi wa kusaidia tu. Hakikai mahali pa cheti cha kuzaliwa.

Taabu hiyo huja wakati mbaya. Kijana amefaulu, anataka kuomba fedha kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Na ikiwa baba amefariki, cheti cha kifo cha baba. Siku za kuomba zina mwisho. Mama yake yuko sokoni na nyanya zake, na cheti cha kifo hakikuchukuliwa kamwe, kwa kuwa siku za matanga hapana aliyekuwa na moyo wa kwenda ofisini. Hapo kijana aliyesoma kwa bidii miaka kumi na mitatu hukwama kwa karatasi moja.

Tena angalieni majina. Jambo hili ndilo baya kuliko upotevu, maana halionekani. Kliniki waliandika Yohana, shuleni akaitwa John. Mahali pengine ametiwa jina la babu, pengine la baba tu. Kitambulisho cha Taifa nacho kina namba ya tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Mtu aliyekisia tarehe yake amekwisha kuiandika katika namba hiyo. Kila karatasi mpya ikiletwa nyumbani, isomwe mbele ya ile ya kwanza, herufi kwa herufi, siku ile ile, wakati karani angali akikumbuka. Baadaye itahitajiwa hati ya kiapo, na gharama. Na ninyi walimu wa Kikristo mnaoandika vyeti vya ubatizo, mwombeni mzazi aje na cheti cha kuzaliwa, mkanakili jina lililomo, hata kama mnapenda jina jingine zaidi.

Kwa chombo cha kutunzia, kasha la bati kama wanalochukua wanafunzi wa bweni latosha. Msiliweke sakafuni, mchwa wa Tabora hawana heshima kwa muhuri wa serikali. Liwe juu ya mawe au kibao, mbali na ukuta na mbali na mahali paa livujapo masika. Ndani yake kila mtu wa nyumba awe na bahasha yake yenye jina, na bahasha moja iwe ya nyumba yenyewe: mkataba wa kiwanja na majina ya mashahidi, stakabadhi za kodi, cheti cha ndoa. Stakabadhi za ada zitunzwe mpaka mtoto amalize shule ile. Za umeme mwaweza kutupa zikiisha kazi. Kasha lililojaa takataka halitafutwi.

Mzazi mwenye shughuli asijaribu kupanga yote kwa siku moja, atachoka aache. Na atundike kikapu kimoja karibu na mlango, kila karatasi iingiayo itiwe humo, na Jumamosi jioni kigawanywe katika bahasha. Ni kazi ya robo saa. Mtoto ajuaye kusoma aweza kuifanya chini ya macho ya mama.

Juu ya yote pawe na daftari, kama lile la Jacob: karatasi gani imo, ya nani, na ikitoka, nani ameichukua na lini. Baba na mama wote wawili wajue ufunguo ulipo. Twajua nyumba ambamo baba peke yake alijua, na mjane akavunja kufuli huku mashemeji wakitazama.

Kwa ofisi na shule pelekeni nakala iliyothibitishwa na wakili au hakimu, isipokuwa mmeambiwa mlete yenyewe. Pigeni pia picha ya kila hati kwa simu, na mtoto mkubwa aliye mji mwingine awe nayo. Hati ikipotea, nendeni kwanza polisi mpate taarifa ya upotevu, kisha kwa ofisi iliyoitoa; huko wataulizia namba ya hati, nayo mtaisoma katika daftari.