Wazee Wawili Getini: Somo la Umisionari Kutoka Kambini



Soma kwanza: Mdo 10, Mdo 18:1-4 na 24-26, Rum 16:3-5.

Wapendwa vijana, ukitaja neno "mmisionari" wengi wetu tunamwona padre mwenye ndevu nyeupe akishuka melini. Mimi pia nilikuwa hivyo, mpaka nilipopelekwa Unguja kwa miezi michache ya mazoezi ya kichungaji na kukabidhiwa kwa wazee wawili, mume na mke. Baba ni mwalimu mstaafu na katekista. Mama alikuwa muuguzi. Wote wameshavuka miaka sabini, na kila wiki wanahudumia familia za Kikatoliki katika kambi moja ya jeshi nje kidogo ya mji. Hawapendi kutajwa majina, kwa hiyo sitawataja.

Wiki yao ilivyo

Jumanne asubuhi wako sokoni Darajani. Muuza samaki, Muislamu, humwita Mama "bi mkubwa" na kumuulizia watoto wa kambini. Siku ya kwanza nilidhani tunanunua mahitaji ya nyumbani. Kumbe nusu ya kapu ilikuwa ya mwanamke aliyejifungua wakati mumewe yuko misheni. (Askari akisema "misheni" ana maana ya kulinda amani nje ya nchi.) Tukapanda daladala. Getini wakaandika majina yao daftarini kana kwamba hawajawahi kufika. Nikaguna. Baba akacheka: "Amri ni amri, frateri. Hata mbinguni kuna geti."

Jumatano jioni ni jumuiya ndogondogo, kwenye kota ya familia mojawapo. Viti vingi huwa vitupu kwa sababu watu wako zamu. Wazee huanza tu, hata wakiwa wanne.

Jumamosi ni mafundisho ya watoto. Hapa ndipo nilipoona ugumu wa maisha ya jeshi. Mtoto ameanza mafundisho ya Komunyo ya Kwanza Songea, akahamia Tabora, sasa yuko Unguja, na kila mahali anaanzishwa upya. Mama ana daftari lake: mtoto alibatizwa parokia gani, amefika wapi, anahamia wapi. Familia ikipata uhamisho, anaiandikia barua ya kumpelekea paroko mpya. Ni karatasi moja tu, lakini kwa karatasi hiyo mtoto hapotei.

Jumapili ni Misa parokiani, kisha kuwatembelea wagonjwa na waliokosa Misa kwa sababu ya zamu.

Kosa langu

Sasa niwaambie jambo ambalo sijivunii. Jioni moja baada ya jumuiya, askari kijana aliyerudi kutoka misheni alinivuta pembeni. Alisema walibadilishana zamu na mwenzake, na mwenzake akafa siku hiyo. "Frateri, Mungu alichaguaje?"

Mimi nina digrii ya falsafa. Nikamweleza Mtakatifu Agustino kuhusu uovu kuwa ni upungufu wa wema, nikaongeza Mtakatifu Tomaso wa Akwino juu ya Mungu kuruhusu jambo bila kulitaka. Dakika ishirini nzima. Akasema, "Asante, frateri." Nilirudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena, hakuja.

Tukiwa kwenye daladala nikamuuliza Mama nimekosea wapi. Akakaa kimya kidogo, akasema: "Mwanangu, ulijibu vizuri. Ila hukumuuliza jina la mwenzake."

Tangu siku hiyo Baba akawa anakwenda kwake kila Ijumaa jioni. Wanacheza drafti mlangoni. Nilimuuliza wanaongea nini, akasema: "Hatuongei. Ananifunga." Ijumaa ya nne yule kijana akataja jina, na Baba akaenda parokiani kuliandikia nia ya Misa. Siku ya Misa hiyo kijana alikaa benchi la nyuma kabisa. Hakukomunika. Mpaka naondoka alikuwa bado hajakomunika. Baba bado anakwenda Ijumaa.

Maandiko yanasemaje?

Akila na Prisila walikuwa mume na mke, watengeneza hema, waliofukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Angalia walichofanya Korintho: walimkaribisha Paulo nyumbani na kufanya kazi pamoja naye. Baadaye, huko Efeso, walimsikia Apolo akihubiri kwa ufasaha lakini akiwa na pengo. Hawakumuumbua mbele za watu. Walimchukua pembeni, wakamfafanulia. Niliposoma tena mistari hiyo nilikumbuka ile daladala. Apolo nilikuwa mimi.

Naye Kornelio, ofisa wa jeshi la Roma kule Kaisaria, anatuonyesha kwamba Mungu alishaingia kambini kabla ya Petro kubisha hodi. Sala na sadaka zake zilikuwa zimeshafika juu. Baada ya ubatizo aliomba Petro akae nao siku kadhaa. Mahubiri alikuwa ameshayasikia. Sasa alitaka mtu wa kukaa naye.

Historia yetu wenyewe

Umisionari wa wanandoa si jambo geni kwetu. Wamisionari Wakatoliki walifika Unguja mwaka 1860, na mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Watu waliokombolewa utumwani waliishi pale, wakaoana, wakajenga vijiji vya Kikristo. Misheni ya Mhonda ilipofunguliwa mwaka 1877, familia kutoka Bagamoyo zilikwenda pamoja na mapadre. Watu wa bara waliiona Injili kwanza katika nyumba ya mume na mke wanaosali na kulima pamoja. Ukitoka Darajani kwenda Mkunazini, dakika chache tu kwa miguu, unafika palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Waliouzwa kama bidhaa ndio waliotuletea imani.

Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko aliiweka rasmi huduma ya katekista kwa walei, wanaume na wanawake. Kwa hiyo usisubiri kanzu ndipo utumwe.

Tunajifunza nini?

Mmisionari ni mtu anayerudi. Askari anahamishwa, kamanda anabadilika, frateri kama mimi anamaliza miezi yake na kuondoka. Wazee wale wanarudi kila Jumanne. Na kwa ndoa nyingi zinazoishi mbali kwa mbali, kuwaona wawili waliozeeka pamoja wakigombania nani abebe kapu ni mahubiri tosha.

Maswali ya kutafakari

1. Ni nani aliyekuuliza swali ukamjibu haraka bila kumsikiliza?
2. Mtaani kwako ni nani anayeishi mbali na familia yake kwa sababu ya kazi?
3. Wiki hii, chagua mtu mmoja wa kumtembelea. Kisha rudi tena wiki ijayo.

Tusali

Bwana Yesu, uliyeistaajabia imani ya ofisa wa jeshi, walinde walio zamu usiku huu na wanaowasubiri nyumbani. Wapumzishe waliokufa mbali na kwao. Utufundishe kuuliza majina, na kurudi. Amina.