Chembe za Bati Zinusazo Hewa ya Sumu

Majira ya mvua, watu wengi wa Arua na Koboko huingiza sigiri chumbani, wakapika, kisha wakalala nayo mlango umefungwa. Makaa yasiyopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia damuni hushikamana na himoglobini kwa nguvu ipitayo ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hulegea, akafa usingizini. Na ninyi ndugu zetu mliokwisha maliza shule, wenye maduka na jenereta, injini ya petroli hutoa sumu hiyo hiyo.

Basi, ni nini kiwezacho kunusa kitu kisicho na harufu? Mnamo 1962 Mjapani Naoyoshi Taguchi aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake: kifaa cha oksidi ya bati. (Nasema bati lenyewe, si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki.) Unga wa oksidi hiyo hupashwa moto kwa waya wa umeme, yapata digrii 300. Oksijeni ya hewani hunata juu ya kila chembe na kuinyang'anya elektroni, hata umeme hupita kwa shida. Kaboni monoksaidi ikifika, huichukua oksijeni ile ikageuka kaboni dioksaidi. Elektroni hurudi, umeme hupita kwa wepesi, kengele hulia.

Hapa udogo ni nguvu. Twaa kipande cha muhogo chenye sentimita moja kila upande: eneo la nje ni sentimita za mraba 6. Kikate vipande 1,000 vya milimita moja moja. Muhogo ni ule ule, lakini eneo la nje sasa ni sentimita za mraba 60. Siku hizi wataalamu hutengeneza chembe za nanomita 6 tu, na milimita moja ina nanomita 1,000,000. Chembe ndogo hivyo huguswa na oksijeni hata ndani kabisa.

Hata hivyo, mimi ningetoa sigiri nje kwanza, ndipo nitundike kifaa, kwa maana pua hii hudanganyika. Mvuke wa waragi nao huchukua oksijeni ile, hivyo mlevi akiipumulia yaweza kulia. (Wako watakaosema haikukosea.) Tena kuupasha unga moto hula betri, na betri ikiisha kifaa hunyamaza vile vile kinavyonyamaza hewa ikiwa safi.