Salio Lisipotosha: Simu na Benki Zinavyokujazia, na Makato Yake

Unadaiwa shilingi 50,000 za mzigo wa duka, lakini kwenye simu una 40,000 tu. Uwe Kwamsisi ya Handeni au Kwamsisi ya Korogwe mjini, zipo njia mbili za kujaziwa zile 10,000. Zote ni mkopo, na zote zina makato.

Kwenye simu inakuwaje? Mteja wa M-Pesa ya Vodacom ana huduma ya Songesha. Piga *150*00#, itafute kwenye menyu, soma masharti, kisha ujiunge. Ukikubaliwa unapewa kikomo, yaani kiasi cha juu unachoweza kujaziwa unapotuma pesa au kulipa bili. Hutakiwi kuweka dhamana. Lakini pesa itakayoingia baadaye, hata aliyokutumia mwanao, hukatwa deni kwanza.

Unakatwa kiasi gani? Kuna ada ya kuanzia, kisha ada ya kila siku hadi umalize deni. Viwango hubadilika, kwa hiyo visome kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Tuseme ada ya siku ni shilingi 100 kwa deni la 10,000. Siku mbili ni 200. Siku 30 ni 3,000!

Na benki je? Huko inaitwa ovadrafti: ruhusa ya kutoa fedha kupita salio lako, hadi kikomo mlichoandikiana. Aghalabu hupewa mfanyabiashara ambaye fedha huingia na kutoka kwenye akaunti yake mara kwa mara. NMB na CRDB zina matawi Handeni na Korogwe. Nenda tawini na kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi (TIN) na leseni ya biashara. Uliza mambo manne: riba, ada ya kuandaa mkopo, dhamana, na adhabu ya kupitisha kikomo.

Riba ya ovadrafti huhesabiwa kwa kiasi ulichotumia na siku ulizokaa nacho. Kwa mfano, ukiruhusiwa 1,000,000 ukatumia 300,000 kwa siku 10, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, riba ni kama shilingi 1,480. Ongeza ada ya kuandaa.

Uchague ipi? Kama ni elfu chache na una hakika ya kulipa kesho au keshokutwa, simu inatosha. Kama ni mtaji wa kununua mahindi msimu mzima, nenda benki.

Usipolipa? Makato huendelea kupanda, na jina lako linaweza kufika kwenye kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu. Mkopeshaji mwingine akiliona huko, anaweza kukunyima.

Ukikatwa usivyoelewa? Anza na kampuni ya simu au benki yako. Lalamika kwa maandishi na utunze namba ya lalamiko. Usiporidhika, lipeleke dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania, pamoja na ujumbe wa makato. Kwa hiyo usifute meseji hizo.