Kitabu kimoja kimemteka binti yangu

*Mwalimu, binti yangu wa kidato cha tatu alisoma tamthilia ya Kinjeketile. Tangu hapo haambiliki: ni historia tu, hisabati kaiweka kando. Naogopa anapotea. Nifanye nini? – Mama, Morogoro*

Mama, hofu yako naielewa, lakini binti hajapotea. Darasani vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, ambavyo kitabu hicho kinavihusu, huja kama miaka ya kukariri, 1905 hadi 1907. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya 1969, aliwapa waliopigana vita hivyo sauti na shaka, na msomaji akaanza kujiuliza: waliaminije kwamba maji yangezuia risasi? Swali la namna hiyo ndilo linalomzaa mwanahistoria.

Ila mkumbushe kwamba Hussein mwenyewe alieleza kuwa Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule Kinjeketile Ngwale wa kweli, mganga wa Ngarambe aliyeeneza imani ya maji, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Mpe daftari, apige mstari katikati ya ukurasa: kushoto ya tamthilia, kulia anayoyapata katika vitabu vya historia au kwa wazee. Njia hiyo si ngeni: mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikusanya masimulizi ya vita hivi kwa kuwauliza wazee vijijini. Nauli ikipatikana, mpeleke Makumbusho ya Majimaji, Songea.

Hisabati asiitupe; mtihani wa kidato cha nne unaitaka. Alama zikishuka katika masomo yote, au akianza kujitenga, muone mwalimu wa ushauri nasaha mapema. Kwa sasa, jioni ya leo, mwombe akusimulie alichosoma.