Nyanya Yenye Kinga Yake

Wanachama wenzangu, mnyanya ukinyauka mchana ilhali udongo una maji, ung'oe uangalie mizizi. Ukikuta vifundo, basi mwizi ni minyoo wadogo sana wa udongoni.

Kinga ni bora kuliko tiba. Wataalamu waliipata kinga ya minyoo hao katika mnyanya mwitu wa Peru. Lakini walipouchavusha na mnyanya wa kawaida, mbegu hazikukomaa. Mnamo 1944, Paul Smith wa California alikitoa kiini cha mbegu changa akakilea katika maabara. Mche ukaota! Kizazi chake kikachavushwa tena na tena na mnyanya wa kawaida, ikichaguliwa miche yenye kinga na matunda mazuri. Jeni ya kinga hiyo huitwa Mi.

Hata hivyo, tusishangilie upesi. Joto la udongo likipita nyuzi 28, kinga hiyo hulegea, na sehemu zetu za joto hufika hapo. Kwa hivyo mbegu pekee haitoshi. Ukishapanda, tandaza nyasi kavu shinani ili udongo upoe. Si mnajua, mkulima ni mmoja, walaji ni wengi!